Sheria Ndogo Baada ya Msiba Mkubwa

(Haya ni maneno yaliyosomwa na wajumbe wa chama chetu kutoka visiwani mbele ya wanachama na wenyeji wa Kasekese, Wilaya ya Tanganyika, Mkoa wa Katavi. Tunayapiga chapa hapa kwa sababu yaliyosemwa huko yanatuhusu vile vile sisi wa Unguja na Pemba.)



 

Kwanza tunatoa shukrani kwa mapokezi yenu. Tumetoka mbali, na ninyi mmetutilia maji, mmetukaribisha kivulini, na mmekubali kutusikiliza katika siku ambayo kila mmoja wenu ana kazi yake shambani. Heshima hiyo hatutaisahau.

Huenda mtu akauliza: watu wa visiwani, waliozoea karafuu na nazi, wana haja gani na Kasekese? Jawabu letu ni fupi. Zamani misafara iliyotoka pwani ilifika mpaka Karema, ukingoni mwa ziwa lenu, na mabega yaliyobeba mizigo ile yalikuwa ya watu wa bara na watu wa pwani pamoja. Tena msiba haujui mpaka wa bahari. Tarehe 15 Aprili 1872, katika zama za Sayyid Barghash, tufani ilipiga Unguja, ikavunja vyombo bandarini na kung'oa mikarafuu mingi mno, hata enzi ya zao hilo ikahamia Pemba. Na nchi yenu hii, tarehe 13 Desemba 1910, ilitikiswa na tetemeko la kipimo cha 7.4, mojawapo ya makubwa kabisa yaliyopata kupimwa katika Afrika. Tarehe 5 Desemba 2005 likaja jingine la 6.8, na chimbuko lake lilikuwa ndani ya Ziwa Tanganyika. Basi tunazungumza kama jirani na jirani ambao kila mmoja amekwisha kuona paa la mwenziwe likiruka.

Lakini hatukuja kuzungumza juu ya upepo wala juu ya mtikisiko wa ardhi, maana hayo ni amri ya Mwenyezi Mungu. Tumekuja kuzungumza juu ya jambo lililo katika amri ya binadamu. Nalo ni hili: siku ya pili ya msiba, watu wakiwa bado hawajazika vizuri, anapofika mwenye rungu na kitabu cha faini, je, amefika kumlinda nani?

NYUMBA MOJA, MAKOSA MATATU

Natuchukue mfano. Si khabari ya mtu fulani, lakini hapana mtu hapa atakayesema kwamba haiwezekani.

Usiku mmoja wa mvua upepo unaezua mabati ya nyumba, ukuta wa matofali mabichi unalainika na kuanguka, gunia la mahindi linalowa, na mtoto anavunjika mkono. Asubuhi baba anachukua shoka na baiskeli, anakwenda msituni kukata nguzo kumi na fito za kusimamishia kibanda, kwa sababu watoto hawawezi kulala nje. Njiani anakutana na walinzi. Hana kibali. Shoka linachukuliwa, baiskeli inachukuliwa, na anaambiwa alipe au alale mahabusu. Hilo ni kosa la kwanza.

Mama anakopa unga na mafuta, anakaanga maandazi na kuyauza kando ya njia ili apate nauli ya kumpeleka mtoto hospitali. Mgambo anakuja. Mama hana ruhusa ya kuuza mahali pale. Beseni linapinduliwa. Hilo ni kosa la pili.

Kijana wao mkubwa, ambaye hajalala usiku wa tatu huu, anaona mama yake anasukumwa. Anatoa neno kali, na pengine anainua mkono. Anafungwa pingu kwa kumzuia askari kufanya kazi yake. Hilo ni kosa la tatu, na ndilo kubwa kuliko yote kwa hesabu ya kitabu.

Tazameni sasa. Juzi nyumba hii ilikuwa na watu watano wasiokuwa na kosa lo lote. Leo ina wakosaji watatu, na mtoto mwenye mkono uliovunjika hana wa kumpeleka hospitali. Upepo ulichukua mabati tu. Sheria imechukua shoka, baiskeli, beseni na mtoto wa kiume.

HAJA NA TAMAA

Ndugu zetu, tusije tukaeleweka vibaya. Chama chetu hakifundishi watu kuvunja sheria. Kinyume cha hayo, tunasema kwamba hapana mtu anayeihitaji sheria kuliko yule ambaye mlango wake umeanguka. Tajiri ana ukuta na kufuli. Mwenye kulala chini ya turubai hana kitu isipokuwa sheria na jirani zake. Mwanamke aliyehamia darasani pamoja na watu asiowajua anataka kuona askari mwaminifu usiku kucha. Na yule anayeingia usiku katika nyumba iliyobomoka akatoa mbuzi wa mjane, huyo hakuiba mbuzi tu. Amewaibia wenzake imani yao ya mwisho.

Basi tunasema: kabla ya kufungua kitabu, mwenye kusimamia sheria na ajiulize neno moja. Mtu huyu ameongozwa na haja au ameongozwa na tamaa? Aliyekata nguzo kumi kwa kibanda chake ana haja. Aliyekata mia mbili akapakia gari usiku ana tamaa. Aliyeuza maandazi kando ya njia ana haja. Aliyeficha mabati dukani ili ayauze kwa bei mara mbili ana tamaa. Aliyepiga kelele katika foleni ya chakula kwa sababu jina lake halimo ana haja. Aliyeandika majina ya ndugu zake ambao nyumba zao hazikupata hata ufa, ana tamaa.

Wako wanaopenda kutuambia kwamba sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Sawa. Lakini msumeno hauna macho. Macho ni ya fundi. Fundi anayekata boriti iliyobeba nyumba, akajitetea kwamba msumeno haubagui, tutamwita fundi kweli?

MOYO ULIOVUNJIKA

Liko jambo jingine ambalo watawala hulisahau, kwa sababu halionekani kwa jicho. Mabati yakiruka, utayahesabu. Moyo ukivunjika, hauhesabiki. Madaktari wanatueleza kwamba mtu aliyeponea chupuchupu katika msiba huenda akakaa miezi mingi bila usingizi mzuri, akashtuka kwa ngurumo ndogo, akasahau mambo, akakasirika kwa neno dogo, na wengine wakakimbilia pombe. Wazee wetu walilijua hili kabla ya hospitali: aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mwenye kovu usidhani kapoa.

Askari asiyefahamu hayo atamwona mgonjwa akamdhania mkaidi. Atauliza swali kwa sauti ya juu, atajibiwa kwa sauti ya juu, na hapo shauri la nguzo kumi linageuka shauri la ugomvi. Khatari hii si ya Kasekese peke yake. Tarehe 22 Februari 2011 mji wa Christchurch, katika New Zealand, ulipigwa na tetemeko lililoua watu 185. Katika siku zile za khofu kijana mmoja mwenye usonji alikamatwa kwa kuchukua balbu na kishikio chake katika nyumba iliyoharibika. Akawekwa rumande, na sura yake ikaonyeshwa katika televisheni kwa taifa zima kama mfano wa mwizi wa wakati wa msiba. Baadaye mashtaka yaliondolewa. Balbu ilikuwa kitu gani mbele ya jengo lililoanguka? Lakini Serikali ilikuwa imetangaza ukali, na ukali hutafuta mtu wa kuangukia. Mara nyingi humwangukia aliye dhaifu.

Na katika New Orleans, Marekani, siku chache baada ya tufani ya Katrina, tarehe 4 Septemba 2005, polisi waliwapiga risasi watu wasiokuwa na silaha juu ya daraja la Danziger, wakaua wawili. Uvumi wa wizi ulikuwa umetangulia kila mahali, na bunduki zikafuata uvumi. Wenye taifa tajiri kuliko yote duniani walifika huko kwa njia ile ile: walianza kumwona aliyepatwa na msiba kuwa ni adui. Sisi wa visiwani hatuna haja ya kuhadithiwa khabari ya risasi za polisi. Tunaikumbuka Januari 2001.

WEZI WAKUBWA NA WEZI WADOGO

Sasa turudi nyumbani. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la 5.9 liliupiga Mkoa wa Kagera. Watu wasiopungua 17 walikufa, mamia waliumia, na maelfu ya nyumba yalibomoka au kupata nyufa. Nchi nzima ilichanga: wafanya biashara, wanafunzi, balozi za kigeni, misikiti na makanisa. Kabla mwezi haujakwisha, Rais Magufuli alitengua uteuzi wa Katibu Tawala wa Mkoa na wa Mkurugenzi wa Manispaa ya Bukoba, kwa tuhuma kwamba imefunguliwa akaunti nyingine ya benki yenye jina linalofanana na la akaunti ya maafa.

Sisi si mahakama, wala hatumhukumu mtu. Lakini tunauliza swali la mwananchi wa kawaida: ikiwa tuhuma ya namna hiyo iliweza kuzuka juu ya fedha za taifa zima, ambazo macho ya magazeti yote yalikuwa yakizitazama, ni nani anayetazama magunia ishirini ya unga yanayofika katika kata ya mbali, usiku, yakishushwa na watu wawili? Tena mwezi wa Januari 2017 watu wa Kagera waliambiwa kwamba Serikali haitamjengea kila mmoja nyumba yake. Mtu akiambiwa ajijengee mwenyewe, kisha akakamatwa kwa kukata nguzo ya kujengea, afuate neno lipi?

Haki inatutaka tuseme na upande wa pili. Tarehe 3 Desemba 2023 mlima Hanang uliporomosha tope na mawe juu ya Katesh na vijiji vyake, na watu zaidi ya 80 wakafa. Wanajeshi na polisi waliingia katika tope lile kutafuta walio hai na kutoa maiti, bega kwa bega na wananchi. Hapana aliyewaogopa siku ile. Kwa nini? Kwa sababu walikuja mikono yao ikiwa na sepetu. Yunifomu ni ile ile. Tofauti ni kazi iliyotangulia.

Na katika mvua za 2023 na 2024 Waziri Mkuu alilieleza Bunge, mwezi wa Aprili 2024, kwamba watu 155 walikwisha kufa na kaya zaidi ya 51,000 zilikwisha kupatwa na madhara, zenye watu zaidi ya 200,000. Basi msiba si jambo la mara moja katika umri wa mtu. Unakuja, na utakuja tena. Ikiwa tunajua kwamba mvua itarudi, kwa nini tungoje iturudie ndipo tuanze kuulizana mgambo afanye nini?

JAWABU KWA WANAOPINGA

Watatokea watakaosema: mkisamehe nguzo kumi leo, kesho msitu wote utakwisha. Neno hilo lina uzito, na hatulitupi. Msitu ukiisha mlimani, maji hayana wa kuyazuia, na mvua ya mwaka ujao itateremka na udongo mpaka vitandani mwenu. Kwa hiyo sheria ya msitu yenyewe ni kinga ya maafa, na anayeidharau anajichimbia shimo.

Lakini ulinzi wa msitu hauhitaji baiskeli ya maskini. Unahitaji mpango. Halmashauri ya kijiji na ioneshe, kabla ya mvua, mahali pa kukata katika msitu wa kijiji, na idadi ya nguzo kwa kila kaya iliyobomokewa. Mlinzi wa msitu awe ndiye kiongozi wa njia, ahesabu na kuandika. Na penye hifadhi iliyo chini ya Wakala wa Misitu, kata iombe idhini mapema kwa maandishi, jawabu likae ofisini likingoja siku mbaya. Hivyo mwenye haja atapata, mwenye tamaa atajulikana, na msitu utabaki.

Watasema tena: mkitoa ruhusa ya kusamehe, watasamehewa marafiki. Kweli. Ndiyo maana hatutaki msamaha ulio mfukoni mwa mtu mmoja. Msamaha wa mfukoni una bei, nanyi mnaijua. Tunataka msamaha ulioandikwa, uliosomwa mbele ya mkutano, wenye siku ya kuanza na siku ya kwisha, ambao Mbende, Mtongwe, Mfipa, Muha na Msukuma, mkulima na mfugaji, aliye katika chama tawala na aliye katika upinzani, wote wataupata kwa kipimo kimoja.

TUNAYOYATAKA

Sheria Na. 7 ya mwaka 1982 inazipa halmashauri za vijiji uwezo wa kutunga sheria ndogo, kwa idhini ya Halmashauri ya Wilaya. Sheria ya Usimamizi wa Maafa Na. 6 ya mwaka 2022 inataka ziwepo kamati za maafa tangu Taifa mpaka kijiji. Basi njia iko. Lililobaki ni kuitumia. Tunawashauri ninyi wa Kasekese mpeleke katika mkutano mkuu wa kijiji mambo haya sita:

1. Kijiji kikipatwa na msiba, kwa siku 60 makosa madogo ya haja yaliyo chini ya sheria ndogo za kijiji yaandikwe katika daftari la maonyo, na yasitozwe faini.

2. Kazi ya kwanza ya mgambo, ya sungusungu na ya askari wa kata iwe kulinda nyumba zilizobomoka na mahali wanapolala wasio na nyumba, khasa wanawake na watoto. Faini zije mwisho.

3. Shoka, jembe, baiskeli, sufuria na beseni visichukuliwe. Chombo cha kazi ni mguu wa pili wa maskini. Na fedha yo yote isilipwe pasipo stakabadhi.

4. Aliyekamatwa asisahauliwe. Sheria yataka mtuhumiwa wa makosa ya kawaida afikishwe mahakamani katika saa 24, na dhamana ya polisi hailipiwi. Mwenyekiti wa kitongoji apewe khabari siku ile ile.

5. Mwizi wa mali ya waliopatwa, na mgawaji anayepunguza kipimo cha msaada, wasisuluhishwe barazani kwa soda na samahani. Hao waende mahakamani, wawe wakubwa au wadogo. Kwa mkosaji mdogo aliyefika mbele ya hakimu, tunakumbusha kwamba sheria ya nchi inaruhusu kumwachilia kwa sharti, na tangu mwaka 2002 iko adhabu ya huduma kwa jamii. Aliyevunja sheria kwa haja na asaidie kusimamisha madarasa. Huko gerezani atamjengea nani?

6. Daftari la misaada lisomwe kwa sauti mbele ya watu wote kila juma: kilichoingia, kilichotoka, na jina la aliyepokea. Neno lililosomwa hadharani ni gumu kuiba.

Hayo si mambo ya fedha nyingi. Yanahitaji daftari mbili, kalamu, na watu wasioogopa kusimama mkutanoni.

NENO LA MWISHO

Ndugu zetu wa Kasekese, tunajua kwamba baadhi ya hao mgambo ni watoto wenu. Wengine wako hapa wanatusikiliza, na wengine nyumba zao wenyewe zaweza kuanguka usiku ule ule. Hatukuja kuwatukana. Kijana aliyepewa rungu na kuambiwa alete kiasi fulani cha fedha jioni, naye ameonewa. Kosa ni la wale wanaoketi mbali, wakaihesabu amani ya kijiji kwa faini zilizokusanywa.

Sisi tunaihesabu kwa njia nyingine. Siku ya pili ya msiba, mama mwenye mtoto mgonjwa akiona askari anakuja njiani, je, anamkimbilia au anamkimbia? Ikiwa anamkimbilia, hapo pana Serikali. Ikiwa anamkimbia, hapo pana upepo wa pili, nao umetumwa na binadamu.

Mvua hazijaanza. Itisheni mkutano wenu sasa, wakati mapaa yako juu na akili zimetulia. Nasi tutarudi visiwani tukawaulize wenzetu maswali haya haya, maana hata huko, hatuna daftari la namna hiyo katika kila shehia.

Mwenyezi Mungu awahifadhi ninyi na watoto wenu, na awape viongozi wenye macho ya fundi.